Barua ya malalamiko: Binti wa miaka 16 kuzuiwa kusafiri kwa kosa lililofanywa na ofisi yenu

Manispaa ya Mtwara Mikindani,
23 Mei 2022

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu ya Kampuni,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU BINTI YANGU KUZUIWA KUPANDA NDEGE KWENDA INDIA KWA MATIBABU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzazi wa abiria mwenye umri wa miaka 16 ambaye mwezi Aprili mwaka huu, ndani ya Ramadhani, alikatiwa tiketi ya ndege yenu ya Ijumaa usiku kutoka Dar es Salaam kwenda Mumbai kwa matibabu ya uti wa mgongo, nami nikiwa msindikizaji wake. Tulipofika kaunta alizuiwa kwa sababu ya namba ya kitambulisho iliyoandikwa kwenye cheti chake cha kipimo cha korona, namba ambayo hakuiandika yeye, wala mimi, wala maabara, bali mtumishi wa ofisi yenu ya Mtwara. Nilipolalamika kwa simu nilijibiwa kwa ujumbe mfupi kwamba ni wajibu wa abiria kuwa na nyaraka sahihi. Wajibu huo naukubali, na ndiyo maana nililipa fedha ya ziada, nje ya nauli, ili ofisi yenu ituandalie nyaraka hizo.

Naomba nieleze jinsi jambo lilivyokwenda, kwa sababu nina hakika kwamba aliyenijibu hakulisoma jalada letu.

Fedha za safari hii zilitokana na malipo ya korosho za msimu uliopita, yaliyopitia chama chetu cha msingi, na baba yake binti aliziweka kando zote kwa ajili ya matibabu haya. Kwa kuwa hatukutaka kubahatisha, tulikata tiketi katika ofisi yenu hapa mjini badala ya kununua mtandaoni, tukachukua pia huduma mnayoiita ya maandalizi ya safari, ambayo kwa mujibu wa karatasi yenu inajumuisha kumwekea abiria miadi ya kipimo na kumjazia fomu za nchi anakokwenda. Wakati huo India ilimtaka msafiri asiye na cheti cha chanjo inachokitambua, isipokuwa mtoto wa chini ya miaka mitano, awe na majibu ya kipimo cha korona cha RT-PCR kilichofanyika ndani ya saa 72 kabla ya kuanza safari, na majibu hayo yapandishwe kwenye Air Suvidha, tovuti ya India ya kusajili wasafiri wanaoingia, pamoja na tamko la msafiri. Sharti hilo ni fupi na lilikuwa limeandikwa wazi. Hata hivyo, nilipopiga simu kituo chenu cha huduma niliambiwa kwamba walio chini ya miaka 18 hawapimwi. Nilipopiga tena, mtumishi mwingine akasema binti atapimwa na pia atatakiwa kuonyesha cheti cha chanjo. Nilimweleza huyo wa pili kwamba chanjo iliyozinduliwa nchini na Mheshimiwa Rais tarehe 28 Julai 2021 ilikuwa kwa wenye miaka 18 na kuendelea, kwa hiyo mimi nimechanja lakini mwanangu hakuruhusiwa kuchanjwa hata kama angetaka. Akaniambia niende nikaulize ofisi ya Mtwara.

Ofisi ya Mtwara ilitupokea vizuri, na hilo nalisema kwa haki. Tatizo lilianza pale kijana wenu alipofika kwenye sehemu ya fomu ya miadi inayodai namba ya kitambulisho. Aliuliza namba ya NIDA ya binti. Nikamjibu kwamba hana, kwa kuwa kitambulisho cha taifa hutolewa kwa mtu aliyefikisha miaka 18, na nikamwekea mezani pasipoti yake na cheti chake cha kuzaliwa cha RITA. Kompyuta ilikuwa imeshafunguliwa upande wa NIDA na haikukubali kuendelea bila namba. Badala ya kurudi nyuma na kuchagua pasipoti, kijana wenu aliingiza namba yangu mimi kwa wote wawili. Niliuliza papo hapo kama jambo hilo halitaleta shida mbele ya safari. Alinijibu, "Mama, hii ni kawaida kwa watoto, wanatumia namba ya mzazi." Yeye ndiye mwenye sare ya kampuni na ndiye aliyelipwa kuijua kazi hiyo, hivyo nilimwamini kama ambavyo abiria yeyote angemwamini.

Tulikwenda Dar es Salaam kwa basi ili kuwahi kutoa sampuli siku ya Jumatano asubuhi. Zaidi ya kilomita 550 za barabara si jambo dogo kwa mtoto anayevaa mkanda wa kuegemeza mgongo kutwa nzima, lakini alivumilia kwa sababu alijua anakokwenda. Majibu yalitoka Alhamisi, na hapa naomba mzingatie sana, yalitumwa kwenye barua pepe ya ofisi yenu, maana ndiyo iliyoandikwa kwenye fomu. Tuliomba yatumwe kwetu. Tuliahidiwa kwamba tutayakuta yamechapishwa kwenye kaunta uwanjani. Kwa hiyo vyeti vile tuliviona kwa mara ya kwanza Ijumaa jioni, muda mfupi kabla ya adhana ya magharibi, vikiwa tayari mikononi mwa dada aliyekuwa akikagua nyaraka.

Yule dada alifanya kazi yake, simlaumu. Aliviweka vyeti viwili sambamba juu ya kaunta, akapitisha kidole chini ya namba moja, kisha chini ya nyingine. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa ya mwenye namba. Kwenye cheti cha binti aliyezaliwa mwaka 2005, namba ilianza na 1979. Akaniuliza ni vipi mtu mmoja awe na tarehe mbili za kuzaliwa, na ni vipi watu wawili wawe na namba moja. Nilimweleza yote na kumwonyesha stakabadhi ya huduma yenu ya maandalizi. Alimwita msimamizi, msimamizi akasema cheti chenye utata hakiwezi kupokelewa, na kwamba marekebisho lazima yafanywe na aliyeweka miadi, yaani ofisi yenu ya Mtwara, ambayo saa hiyo ilikuwa imefungwa.

Kisha msimamizi huyo akatamka maneno ambayo ndiyo hasa yaliyonifanya nikae chini kuandika barua hii. Alisema, "Mama, cheti chako wewe hakina tatizo. Unaweza kutangulia, binti atafuata ndege ijayo."

Ndugu Meneja, mgonjwa ni binti. Viza ya matibabu ni yake, yangu ni ya msindikizaji. Ana miaka 16, ana mkanda mgongoni, hana ndugu wa karibu Dar es Salaam, na mtumishi wa kampuni yenu alipendekeza nimwache uwanjani usiku ili kiti changu kisipotee. Binti aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake mwenyewe akiwa amesimama kando yangu. Tulifuturu kwa tende na maji kwenye benchi la nje ya jengo, na ndege ikaondoka bila sisi. Hakuna aliyetuelekeza pa kulala wala aliyetupa namba ya kupiga asubuhi.

Yaliyofuata nayasema kwa ufupi kwa kuwa stakabadhi zote nimeziambatisha. Ndege iliyokuwa na nafasi ilikuwa ya Jumanne, na saa 72 huhesabiwa tangu sampuli ilipochukuliwa, si tangu majibu yalipotoka, hivyo vyeti vyetu vyote viwili vilikufa, pamoja na changu kisichokuwa na kasoro. Tulipima upya na kulipia upya. Tulilala nyumba ya wageni. Kampuni yenu ikatutoza ada ya kubadili tarehe na tofauti ya nauli, kwa maelezo kwamba "abiria hakutokea". Abiria alitokea, na alikuwapo kaunta kabla ya muda wa kufunga. Safari hii binti alipimwa kwa namba ya pasipoti yake, ile ile niliyoiweka mezani Mtwara, na hakuna aliyeuliza swali lolote. Tulipofika Mumbai nafasi ya upasuaji ilikuwa imepita. Daktari alimchunguza na kumpangia mwezi Julai.

Naomba nieleze mahali ninapoona kiini cha tatizo, kwa sababu kama mtamwadhibu kijana mmoja wa Mtwara na kuacha mambo yalivyo, mzazi mwingine atafikwa na haya haya. Katika nauli, kampuni yenu humhesabu abiria kuwa mtu mzima tangu anapotimiza miaka 12, na nauli kamili mlinitoza. Katika chanjo, mtu mzima alikuwa wa miaka 18. Katika kitambulisho cha taifa ni 18 vilevile, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo humtambua kila aliye chini ya umri huo kuwa mtoto. Katika kipimo cha kuingia India, mpaka ulikuwa miaka mitano. Mwanangu, kwa miaka yake 16, anaangukia upande mmoja wa mstari kwa jambo hili na upande wa pili kwa jambo lile, na hakuna ubaya wowote katika hilo, kwa kuwa kila mpaka uliwekwa kwa sababu yake. Ubaya ni kwamba watumishi wenu hawaijui mipaka hiyo. Mmoja alichukua umri wa chanjo akaufanya umri wa kipimo, mwingine akadai cheti cha chanjo kwa asiyeruhusiwa kuchanjwa, na wa tatu akamkopesha mtoto namba ya mama yake. Vijana wa umri huu ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu mtoto mchanga husamehewa karibu kila kitu na mtu mzima ana kila karatasi, wakati wao wanadaiwa karatasi za mtu mzima ambazo serikali bado haijawapa.

Tena kwa sisi wa mikoa ya kusini kosa dogo haliwi dogo. Mkazi wa Kinondoni aliyeambiwa cheti chake kina kasoro anaweza kurudi nyumbani kwake, alale, kesho arekebishe. Anayetoka Mtwara, Lindi au Masasi akikwama uwanjani Dar es Salaam yuko ugenini, na saa za kipimo zinaendelea kuhesabika. Ndiyo sababu ukaguzi wa nyaraka ulipaswa kufanyika mapema, majibu yalipotoka, na si kwenye kaunta ya mwisho. Ofisi yenu ilikuwa na vyeti vyetu tangu Alhamisi. Kama mtu yeyote angevifungua na kuvisoma, tungekuwa na siku nzima ya kuomba marekebisho.

Kwa hiyo naomba nirudishiwe ada ya kubadili tarehe, tofauti ya nauli, gharama za vipimo vya pili vya watu wawili, malazi, na fedha ya huduma ya maandalizi ambayo haikutuandaa. Naomba pia kumbukumbu yenu inayosema hatukutokea ifutwe, maana si kweli. Naomba kampuni itoe maelekezo ya maandishi kwa ofisi zake zote kwamba abiria aliye chini ya miaka 18 aandikwe kwa namba ya pasipoti yake mwenyewe, na kwamba majibu ya kipimo yatumwe kwa msafiri au mzazi wake moja kwa moja. Zaidi ya hayo, nataka maelezo kutoka kwa uongozi wenu kuhusu pendekezo la kumwacha mtoto mgonjwa peke yake uwanjani: kama ndiyo taratibu yenu nijue, na kama siyo, basi binti yangu aombwe radhi kwa barua iliyoandikwa kwa jina lake.

Tunatarajia kusafiri tena mwezi Julai, na tiketi bado hatujakata. Naomba majibu yenu kwa maandishi kabla ya tarehe 15 Juni 2022, ili nijue kama nitawakabidhi tena mwanangu au nitafute usafiri mwingine mapema. Nimeambatisha nakala za tiketi, vyeti vyote vinne vya vipimo, stakabadhi, na karatasi yenu inayoeleza huduma ya maandalizi ya safari.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzazi wa abiria husika
(Majina kamili, saini na namba za tiketi vipo kwenye viambatisho)

Nakala: Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, Dar es Salaam.