YAH: Namba yangu ya biashara kuhama nusu

Duka la Vipuri na Ufundi wa Mashine za Kupulizia,
Masasi, Mtwara.

Kwa: Meneja, Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilihamia mtandao wenu kwa hiari yangu, kwa utaratibu wa kuhama bila kubadili namba ulioanza nchini Machi 2017. Nilijaza fomu dukani kwenu hapa Masasi, nikatuma neno HAMA kwenda 15080. Pesa zilizokuwa kwenye laini ya zamani nilishazitoa, na deni sikuwa nalo. Lipa namba nayo nilijua haihami, nikafungua mpya kwenu, hilo silalamikii. Kabla ya kusaini nilimuuliza mhudumu jambo moja tu: wateja wangu wa mitandao yote watanipata? Akanijibu, "Ondoa shaka, bosi."

Sasa anayenipigia kutoka mtandao nilikotoka anaambiwa sipatikani. Mimi nikimpigia tunaongea vizuri. Yeye akinipigia, hamna kitu. Meseji zake nazo hazifiki. Wa mitandao mingine wananipata bila shida, kwa hiyo simu ni nzima na laini ni nzima. Inavyoonekana, mtandao wa zamani bado unanitafuta kwake, kana kwamba sijaondoka. Hilo ni la kumalizana ninyi na wao.

Nilirudi dukani kwenu. Dada wa kaunta akachukua simu yake, akapiga, ikaita mfukoni mwangu. "Si unaona inaita?" Simu yake ina laini yenu! Kupima hivyo kunathibitisha nini? Nikamwomba mlinzi wa mlangoni, mwenye laini ya kule, naye apige. Akaweka spika, tukasikia wote: namba unayopiga haipatikani. Dada akasema basi tatizo ni la wale. Nikaenda kwa wale, wakasema wewe si mteja wetu tena, rudi ulikohamia. Mnanirushiana kama mpira.

Huu ni msimu wa kupulizia mikorosho. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, hausubiri mtu, na mashine ikizima shambani mkulima anapiga simu hapohapo. Namba hii nimeibandika kwenye tanki la kila mashine iliyopita mikononi mwangu, na mashine hizo zimetapakaa Newala, Nanyumbu hadi Nachingwea. Siwezi kuzifuata shamba kwa shamba kubandua stika. Ndiyo maana nilikataa kuchukua laini mpya, nikachagua kuhama.

Hasara ya kazi zilizokwenda kwa fundi mwingine naweza kuimeza. Inayoniuma zaidi ni ya jina. Watu wameacha mashine zao kwangu, wengine na malipo ya awali ya vipuri. Mtu kama huyo akipiga na kuambiwa sipatikani, hafikirii habari za mitambo ya simu, anafikiri fundi kamtapeli. Mzee mmoja alikuja na bodaboda kutoka vijijini Newala, hata salamu hakutoa: "Mbona umezima simu na mashine yangu unayo?" Nilimpigia mbele yake, simu yake ikaita, ndipo akakubali kukaa.

Kurudi nilikotoka nako si rahisi, kwani ukishahama unatakiwa kukaa siku 30 kabla ya kuhama tena. Na kwa nini nirudi, wakati mliopokea ombi langu ni ninyi?

Naomba mafundi wenu wawasiliane na wenzao wa mtandao wa zamani hadi simu na meseji zipite, kisha mpime kwa laini za mitandao yote, si yenu peke yake, nikiwepo. Naomba pia kumbukumbu ya lalamiko hili kwa maandishi, maana hadi leo nimepewa maneno matupu. Kifurushi cha mwezi nilichonunua mkirudishie muda uliopotea. Wahudumu wenu nao waelekezwe kumpima kila anayehama kwa laini ya mtandao alikotoka kabla hajaondoka kaunta. Ni kazi ya dakika chache.

Nisipopata majibu ya maandishi, nitalifikisha lalamiko hili Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Nimeambatanisha nakala ya fomu ya kuhama na picha ya meseji iliyonithibitishia kuwa nimehama. Mkitaka kunipigia, tumieni laini yenu, hiyo inaita.

Wenu,
Mmiliki na fundi