Mdogo wangu, usiinunue hiyo lenzi ndefu

Mdogo wangu,

Ile lenzi ya milimita 70-300 uliyonitumia picha yake juzi nimeitazama vizuri, na najua kwa nini imekukaa moyoni: inavuta mbali. Lakini uliniambia unataka kupiga picha Forodhani usiku, nyuso za wachoma mishikaki na watoto wanaosubiri urojo. Kwa kazi hiyo, nakuomba usiinunue.

Tazama namba inayofuata herufi f kwenye lenzi. Ndiyo inayokwambia tundu la kupitishia mwanga linafunguka kiasi gani, na inakwenda kinyume: namba ikipungua, tundu linakuwa kubwa. Hiyo yako ukiivuta hadi mwisho inabaki na f/5.6. Lenzi ya f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara 10 ya huo. Tuseme uko mbele ya meza yenye balbu moja, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, umeiweka 3200, na f/1.8 inakuruhusu kupiga kwa 1/125 ya sekunde. Pale pale, kwa f/5.6, utashuka hadi 1/13. Muda huo unamtosha mchomaji kugeuza shingo amjibu mteja, na uso wake kwenye picha utakuwa kama moshi. Ukitaka kufidia kwa ISO, itabidi upite 25600, na hapo picha inajaa chenga.

Muuzaji atakwambia ina kizuia mtikisiko ndani. Ni kweli, na kinasaidia mikono yako. Yule unayempiga picha hakimtulizi.

Unaikumbuka Idi ya mwisho ya bibi, usiku ule barazani alipokuwa akicheka na wajukuu? Nilikuwa na lenzi iliyokuja na kamera, 18-55, nayo tundu lake ni dogo. Nilipiga picha zaidi ya 30. Hakuna hata moja ambayo macho yake yametulia. Ndiyo maana nakuandikia kwa urefu hivi.

Wengi watakushauri 50 ya f/1.8, kwa kuwa bei yake ni nafuu. Ni lenzi nzuri, ila kamera yako ina sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ya aina ya APS-C, na humo 50 inaona eneo dogo zaidi, kama 75. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta, na mlango wa nakshi bado hautaenea. Chukua 35 ya f/1.8. Ukiwa nayo utasimama karibu na watu, uwasalimie, uombe ruhusa, kisha upige. Lenga jicho lililo karibu nawe, maana tundu likiwa wazi hivyo, jicho linakuwa kali na sikio limeshafifia.

Hiyo hiyo 35 itakuonjesha nyota, ukienda Jambiani mwezi wa Juni au Julai usiku usio na mbalamwezi, wakati Njia Nyeupe, ule mkanda mweupe wa nyota, iko juu kabisa. Weka kamera kwenye stendi, usizidishe sekunde 10, la sivyo nyota zitakuwa vistari. Punguza tundu hadi f/2.8, kwa sababu lenzi nyingi zikiwa wazi kabisa huziotesha mabawa nyota za pembeni. Lenzi pana ya nyota tutaizungumza ukishapata kazi za kuilipia.

Ukipata iliyotumika, sawa, lakini nenda na tochi. Imulike kutoka nyuma, uchungulie mbele. Ukiona kitu kama utando wa buibui ndani ya vioo, hiyo ni kuvu. Irudishe mezani hata wakikupunguzia nusu ya bei. Pwani yetu ina unyevu, kuvu haina mchezo. Ya kwako ihifadhi kwenye boksi lenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya.

Fedha usiitoe bado. Ijumaa baada ya Isha njoo nyumbani uichukue 35 yangu, ukae nayo Forodhani mpaka wafunge meza. Jumamosi asubuhi tutazitazama picha pamoja.

Kaka yako