Leseni ya programu isitegemee bando

Ndugu Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Mimi nauza programu ya stoo hapa Mtwara mjini, niliiandika mwenyewe, wateja wengi ni maghala ya korosho na maduka ya pembejeo. Msimu uliopita nilifunga mfumo wa leseni wa kulipia kwa mwezi, ule ambao kompyuta ikiwashwa lazima iulize seva, yaani kompyuta ya mbali kwenye intaneti, kama mteja kalipa. Ofisini kwangu freshi kabisa. Kumbe kwa mteja wa Tandahimba mtandao ukikatika na magunia yameshapangwa mlangoni skrini inamwandikia "leseni haijathibitishwa", karani anarudi kwenye daftari na mimi simu haipoi. Niliona aibu jamani.

Sasa nimehamia faili la leseni lenye saini ya kidijitali: ufunguo wa siri wa kutia saini nabaki nao mimi, programu ina ule wa wazi wa kukagulia saini tu, inakagua yenyewe bila intaneti, mtu akibadilisha hata herufi moja inakataa. Ubaya wake ukishampa mtu faili la mwaka mzima kumnyang'anya katikati ni kazi, na wajanja wanarudisha nyuma saa ya kompyuta (wapo, nawajua), ndo maana programu yangu inakumbuka tarehe ya mwisho iliyoiona.

Wenzangu mnaouza programu huku kusini, kabla hujalipia mfumo wowote zima data siku 3 uone kama bado inafunguka. Na muulize muuzaji wa huo mfumo, yeye akifunga biashara leseni za wateja wako zinaenda wapi? Wangu mpaka leo kimya.

Msomaji wenu, Mtwara