Gari likiwaka baada ya kupita majini, bado halijapona

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumze na wenye magari wa Lindi na Mtwara kabla mvua hazijaanza. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilipokata barabara ya Dar es Salaam upande wa Kilwa, tuliona sote maji yanavyoweza kutufanya. Lakini barabara ikikatika, angalau dereva anasimama. Hasara ninayotaka kuisema inampata yule aliyevuka, akashukuru Mungu, akaendelea na kazi.

Mimi nilivuka bonde moja kati ya Lindi na Mchinga, maji yakiwa juu kidogo ya kizingiti cha mlango. Gari halikuzima. Nilifika nyumbani, nikaacha milango wazi juani siku mbili, basi. Wiki ya tano hivi, nikikanyaga breki, indiketa zinawaka zenyewe. Usiku mmoja honi ikalia bila mtu kuigusa, jirani akaja kunigongea. Nikaambiwa betri imekufa, nikanunua mpya. Nikaambiwa altaneta, ile inayochaji betri, nikafunga nyingine ya mtumba. Tatizo likabaki palepale.

Aliyeniokoa ni fundi umeme mmoja mtu mzima, ambaye kabla ya kugusa chochote aliuliza, "Hili gari limepita majini?" Akafungua viti, akakunja zulia. Sponji ya chini ilikuwa bado imelowa, inanuka kama mtaro. Akachomoa soketi iliyo chini ya dashibodi upande wa abiria. Pini zilikuwa zimeota unga wa kijani, mbili zimeliwa zikabaki ncha. Kisha akashika waya ambao kwa nje ni mzima kabisa, akaukata mbali kidogo na soketi. Shaba ya ndani ilikuwa nyeusi tii.

"Mwanangu," akaniambia, "maji yanapanda ndani ya waya kama mafuta ya taa kwenye utambi wa koroboi."

Akanieleza kwamba ethi, yaani pale waya unapofungwa kwenye bodi ya gari ili umeme urudi kwenye betri, iliyoshika kutu ndiyo iliyofanya umeme wa breki utafute njia nyingine na kuangukia kwenye indiketa. Betri na altaneta hazikuwa na kosa. Kosa langu kubwa lilikuwa kuiacha betri imefungwa zile siku mbili za kuanika. Hata ukizima swichi, zipo waya zinazobaki na umeme muda wote, na umeme ukikutana na maji kwenye soketi, shaba inaliwa upesi kuliko ingeliwa na unyevu peke yake.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu: maji yakiingia ndani ya gari, chomoa waya hasi wa betri siku hiyohiyo. Zulia litolewe lote na sponji yake, soketi za chini zifunguliwe moja moja, zisafishwe, zikauke, na sehemu za ethi zikwanguliwe kutu. Kwenye magari mengi kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, imekaa chini hukohuko miguuni, nayo ikifa bei yake si ya mchezo. Mwambie fundi akague na oili ya difu, ile gia ya kwenye ekseli inayozungusha magurudumu. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Wanaoshusha magari ufukweni kupakia samaki wajihadhari zaidi, maana maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri na kutu yake haina subira. Na gari likizima katikati ya maji, usipige stata: maji yakiwa ndani ya silinda hayashindiliki, kitakachopinda ni koneki rodi, chuma kinachoshika pistoni.

Lipo jambo linaloniuma zaidi. Magari haya yanaoshwa, yanapuliziwa manukato, yanauzwa. Msimu wa korosho mkulima anapokea fedha za mwaka mzima, ananunua gari, miezi miwili baadaye limelala chini ya mwembe. Muuzaji anayejua gari lake lililowa, amwambie mnunuzi. Nawe unayenunua, nenda na fundi, mkunje zulia kabla ya kutoa fedha.

Kwa wanaosimamia barabara zetu, ombi langu ni moja: kwenye mabonde yanayofurika kila mwaka wekeni vigingi vilivyopakwa rangi kuonyesha kina. Siku ile nilikisia kwa kumtazama kijana aliyekuwa anavuka kwa miguu. Hakuwa na habari kwamba hatua chache mbele ya pale aliposimama, lami ilikuwa imebonyea.

Dereva wa gari la kukodi,
Lindi Mjini