Hukumu za kazi zimfikie mfanyakazi kwa Kiswahili

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie hukumu za mahakama kuhusu haki za wafanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki anapomwachisha mtu kazi. Lakini maana ya maneno hayo hukamilishwa na majaji, na uamuzi wa Mahakama ya Rufani ni lazima ufuatwe na mahakama za chini pamoja na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kinachoshughulikia migogoro ya kazi.

Mfano ni muda. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 kupeleka mgogoro Tume. Akichelewa anaweza kuomba aongezewe muda, ila Mahakama ya Rufani imesisitiza mara nyingi kwamba kila siku ya kuchelewa itolewe maelezo. Mdogo wangu, fundi ujenzi hapa Dodoma, aliachishwa kwa simu. Alisubiri zaidi ya miezi miwili akiahidiwa kurudishwa. Angeijua kanuni hiyo asingengoja hata wiki, nami nasikitika kwamba sikuijua ili nimwambie.

Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini hukumu nyingi bado ni za Kiingereza. Mahakama itoe muhtasari wa Kiswahili wa hukumu muhimu za kazi, hata ukurasa mmoja tu, ubandikwe ofisi za Tume na za kata. Vyama vya wafanyakazi viupeleke hadi Mtumba hapa Dodoma, kwenye maeneo ya ujenzi.

Msomaji wako,
Chang'ombe, Dodoma