Mjomba, padre yule si mwoga

Mjomba, shikamoo.

Neno ulilosema juu ya The Fugitive, ile filamu ya John Ford ya mwaka 1947, halijanitoka. Ulisema padre anayelikimbia kundi lake hastahili kuitwa padre, ukazima runinga kabla haijaisha. Nakuomba uitazame hadi mwisho.

Filamu haikuitaja nchi, ila ilipigwa Meksiko, na hadithi imetoka kwenye riwaya ya Graham Greene kuhusu jimbo la Tabasco. Mateso ya Kanisa huko yalikuwa ya kweli. Gavana Tomás Garrido Canabal alifunga makanisa, na padre aliyetaka kuhudumu sharti aoe kwanza. Katika Jiji la Meksiko, Padre Miguel Pro alipigwa risasi tarehe 23 Novemba 1927, mikono ameitandaza kama msalaba. Sasa padre huyu wa filamu, anayeigizwa na Henry Fonda, angefanyaje, Mjomba? Akishikwa, nani atabatiza wale watoto?

Tazama pale anapotafuta divai ya Misa. Pombe imepigwa marufuku, kwa hiyo anainunua kwa siri, na muuzaji anamlazimisha achukue na brandi. Kisha muuzaji na wenzake wanamnywea ile divai mbele ya macho yake. Hawezi kusema ni ya nini, maana akisema amekwisha. Anakaa tu, machozi yanamlengalenga, chupa inaisha. Anabaki na brandi, na hiyo brandi ndiyo inayomtia mbaroni. Mimi pale nililia.

Baadaye anavuka mpaka, amepona kabisa. Anakuja msaliti mmoja anayemwandama, anamwambia kuna jambazi anakata roho, anahitaji padre. Kila kitu kinanuka mtego. Anarudi.

Lawama ninayo moja. Kitabuni padre ni mlevi na amezaa mtoto. Kwenye filamu mtoto huyo kafanywa wa luteni anayemsaka padre, kwa sababu kanuni za Hollywood za wakati ule zisingekubali padre wa namna hiyo. Wamemsafisha mno. Mtu mwenye doa kama lile, akirudi kuungamisha mwenzake huku anajua bunduki zinamngoja, nadhani hata wewe usingemzimia runinga.

Ila hata hivi alivyo, Mjomba, mfuate mpaka pale mpakani anapogeuza safari. Halafu nipigie simu uniambie kama bado unamwita mwoga.