Barua kwa Mwanaidi

Sinza, Dar es Salaam

Mwanaidi wangu,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza ndani ya daladala, nikapitiliza kituo. Kumbe kisu cha operesheni hakikutishi, kinachokutisha ni kuongezewa damu ya mtu usiyemjua. Hata mimi, kabla ya kutolewa uvimbe wa kizazi, mama mkwe alinijaza hofu ati nitatoka na ukimwi. Shoga, maneno hayo ni ya zamani. Mpango wa Taifa wa Damu Salama upo tangu 2004, na utaratibu ni kila chupa ipimwe VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Sitakudanganya kwamba hatari imekwisha kabisa: aliyeambukizwa juzijuzi, kipimo kinaweza kisimwone. Ndiyo maana anatafutwa mtu anayetoa kwa hiari yake, si shemeji aliyeburuzwa hadi maabara, anayeona haya kusema ukweli wake mbele ya ndugu.

Ogopa kupewa chupa isiyo yako. Wewe kundi lako la damu ni O. Ukitundikiwa ya A, mwili unaanza kupambana nayo hapo hapo. Usiku mmoja wodini kwetu walilala akina Mariamu wawili. Muuguzi akaja na chupa, akaita "Mariamu!", jirani yangu akaitika na usingizi wake. Muuguzi mwenzake alikuja kusoma lebo akasema, hee, huyu siye! Basi usikubali kutajiwa jina ukaitika tu. Wakuulize, ulitaje mwenyewe lote, walilinganishe na chupa. Dakika 15 za mwanzo usilale. Ukisikia baridi, kiuno kinakata au kifua kinabana, piga kelele.

Ila bora usiihitaji kabisa. Umesema kipimo cha wingi wa damu yako (himoglobini) kipo 9 na operesheni ni baada ya wiki sita? Mwone daktari kesho, umuulize habari ya vidonge vya madini ya chuma. Mimi nilianzia hapo hapo kwenye 9. Nilimeza vidonge kwa machungwa, chai nikaisogeza mbali navyo (hilo liliniuma kuliko mshono), nikaingia chumba cha upasuaji na 11.6. Sikuongezewa hata tone.

Wakitaka watu wa kutoa damu, baba Rehema yupo tayari, miezi yake mitatu tangu atoe mara ya mwisho imeshapita. Na atakayekutajia bei ya chupa, usimpe kitu, damu haiuzwi.

Basi la Tanga likikushusha Mbezi, nipigie. Nitakuja kukupokea.

Wako,
Mama Rehema